Sindano ya Mitumba

Kwa miaka mitatu nilikuwa mkono wa baba yangu. Hivyo ndivyo walivyotuita kwenye benchi la kliniki ya kisukari: mikono. Kila mgonjwa wa insulini alikuwa na mtu wake wa kumchoma sindano nyumbani, mke, mtoto au jirani, na mtu huyo pale benchini hakuwa na jina jingine. Mgonjwa akifika peke yake aliulizwa, "Mkono wako uko wapi leo?" naye akajibu kwamba umekwenda shambani, au umeolewa Mbinga, na watu wakamsikitikia kwa dhati. Ilikuwa desturi ngumu kuivunja. Mgonjwa aliyezoea mkono fulani hakutaka kuguswa na mwingine, na wengi waliapa kwamba dawa ileile, kipimo kilekile, ikichomwa na mtu mwingine haishushi sukari.

Kwangu huo ulikuwa ushirikina, na niliwaambia hivyo. Nilikuwa nimerudi Songea na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, nikisubiri barua ya kupangiwa kazi. Waliotutangulia chuoni walipata barua hizo kabla hawajamaliza kufungasha magodoro. Sisi tulitoka wakati serikali inapunguza watu, si kuongeza, kwa hiyo nilikaa kwetu Mshangano, nikalima bustani, nikasoma magazeti ya wiki iliyopita, na nikahoji kila kitu kilichokatiza mbele yangu. Nilitaka kujua kwa nini Sista wa kliniki anakataza ndizi mbivu lakini anaruhusu ugali, na kwa nini sindano ni asubuhi na si mchana. Baba alinisikiliza kwa uvumilivu, kisha akauliza, "Huko chuoni walikuwa wanawajibu saa ngapi?"

Yeye alikuwa mpima mizani. Kwa miaka mingi alisimama kwenye ghala la ushirika akipima mahindi na tumbaku, hadi wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na mizani yao, ghala likabaki tupu, naye akapunguzwa. Mjini kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Kulikuwa na sabuni za kila rangi, redio za kaseti, na marobota ya mitumba yaliyomwagwa chini sokoni hadi mtu unatembea juu ya mashati. Baba aliyapita yote hayo kama mtu apitaye karamu ambayo hakualikwa. Alichobaki nacho cha kazi yake ni namna ya kutazama. Siku ya kwanza niliyovuta insulini, alinitaka niinue bomba la sindano hadi usawa wa dirisha.

"Inama," akasema. "Macho yawe sawa na mstari. Ukisoma kutoka juu unamwibia mtu."

Kabla yangu, mkono wake ulikuwa mama. Mama alifariki nikiwa mwaka wa pili, na baada ya hapo baba alijichoma mwenyewe. Niliporudi macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba mistari ya bomba aliikisia tu, ndipo kazi hiyo ikawa yangu. Insulini ilikaa kwenye chungu chenye mchanga uliolowanishwa, kwenye kona ya stoo, kwa kuwa friji hatukuwa nayo. Bomba la kioo nililichemsha kila asubuhi ndani ya sufuria ndogo ambayo haikupikiwa kitu kingine chochote, hata maji ya chai. Miaka ile ukimwi ulikuwa umewafanya watu waogope sindano ya mwenzao kuliko nyoka, na kila familia yenye mgonjwa wa kisukari ilikuwa na sufuria kama hiyo.

Kliniki ilikuwa Alhamisi, kwenye kituo cha misheni, mwendo wa saa nzima kwa hatua za baba. Muuguzi aliyeiendesha hakuwa mtawa, ila tulimwita Sista kama wauguzi wote wanavyoitwa. Alikuwa Mmatengo, mfupi, wa sauti ya chini. Kila mgonjwa alimkabidhi kichupa cha mkojo, naye akachanganya matone machache na dawa ya buluu ndani ya tyubu na kuichemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, huna neno. Ikiwa kijani, sukari ni kidogo. Njano, jiangalie. Chungwa ni mbaya, na ikifika rangi ya tofali unaketishwa na kuulizwa ulikula nini. Watu walijitambulisha kwa rangi hizo. Nilishawahi kumsikia mama mmoja akimpisha mwenzake kwenye benchi kwa kumwambia, "Kaa wewe uliye tofali, mimi kijani nina nguvu ya kusimama."

Mzee niliyempenda kuliko wote pale alitoka Nakapanya. Alikuwa mfanyabiashara wa korosho, Mwislamu, Myao mrefu mwenye koti zito la kijivu, aliyekuja kila baada ya muda kwa lori na kufikia kwa binti yake Matogoro wiki mbili tatu hadi apate dawa ya kutosha. Mkono wake ulikuwa mkewe, mama mnyamavu ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Mzee huyo na baba walitaniana kama Wayao na Wangoni wanavyotaniana. Baba alimwambia korosho ndizo zilizomletea sukari, naye akajibu kwamba Mngoni hupata sukari kwa kula vya watu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, baridi ikiwa imeanza kushuka kutoka milima ya Matogoro, Sista alitoka na katoni isiyozidi boksi la viatu. Alisema ni chanjo ya mafua makali, yale ya homa na kuumwa mwili mzima, imetumwa na marafiki wa misheni walioko ng'ambo, na watakaochanjwa kwanza ni watu wa kisukari. Mafua kwa mtu wa sukari, alisema, hayaishii puani. Chanjo ingetolewa Alhamisi inayofuata. Alikuwa na daftari mkononi, anataka majina.

Niliomba kuiona katoni. Alinipa bila wasiwasi. Niliisoma pande zote, kama nilivyosoma kila kitu siku hizo, hata magazeti yaliyofungiwa nyama. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi yaliyokwisha, ya huko kwao, na mwisho wa kutumika ulikuwa mwezi unaofuata.

"Sista," nikasema, "baridi iliyoandikwa hapa ni ya kwao, na imeshapita. Kwa hiyo wametutumia yaliyobaki?"

Lilikuwa swali halali. Hadi leo naamini hivyo. Sista alifungua mdomo anijibu, lakini mimi nilikuwa nimehisi benchi zima limenyamaza kunisikiliza, na ukimya wa namna ile ni kitu kitamu kwa mtu ambaye amekaa miezi bila kazi. Nikaongeza, "Kwa hiyo hii ni chanjo ya mitumba."

Walicheka wote. Mzee wa Nakapanya alishika kola ya koti lake. "Koti hili la mitumba," akasema. "Suruali ya mitumba. Alhamdulillahi, zinanipa joto. Lakini mitumba ya kuingia ndani ya nyama, mtani wangu, hiyo tunaanza na Mngoni."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Sista alisimama na daftari lake akingoja kicheko kiishe, na kabla hakijaisha akaitwa ndani. Siku ile hakuandika jina hata moja.

Tulirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sasa naona haya kuitaja. Mchana huohuo fundi cherehani wa jirani alinisimulia utani wangu mwenyewe. Nilicheka naye. Jumapili, baada ya misa, mama mmoja aliusimulia tena karibu yangu bila kujua umetoka kwangu, ila sasa ulikuwa umeota miguu. Alisema dawa hiyo ilikuwa ya wazungu waliofariki kabla ya kuchomwa, ndiyo maana imebaki. Wanawake waliomzunguka hawakucheka. Walitikisa vichwa, na mmoja wao, ambaye mumewe alikaa benchi moja na baba, akasema afadhali wamejua mapema.

Nilisimama pale nje ya kanisa nikimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amekaa ukutani, mikono ndani ya mifuko, amevuta sweta hadi shingoni kwa sababu ya upepo. Ndipo nikaukumbuka mwaka uliotangulia.

Mwaka uliotangulia baba alipata mafua mwezi wa sita. Alijifukiza kwa majani ya mkaratusi kama kila mtu, akafunikwa blanketi, akatoa jasho. Siku ya nne hakuweza kuinuka. Sukari ilikuwa tofali, mapafu yamejaa, na alilala wodini wiki tatu. Haya nayajua kwa barua ya kaka yangu, iliyonifikia chuoni baba akiwa ameshatoka hospitali. Kaka aliandika kwamba mzee yuko salama, isipokuwa macho hayajarudi kama yalivyokuwa. Niliisoma barua hiyo nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nikaikunja, nikachukua sahani yangu.

Sasa baridi ilikuwa inakuja tena, dawa ilikuwa kwenye friji ya misheni, na mimi nilikuwa nimeipa jina ambalo baba angelicheka kila akilisikia. Hiyo ndiyo hesabu niliyobaki nayo Jumapili nzima. Sikujua kama dawa ile ingemsaidia. Lakini kama ingeweza kumsaidia, nilikuwa nimeshaizuia, tena bila kusubiri jibu.

Jumatatu nilikwenda misheni peke yangu. Sista alikuwa ameketi kwenye chumba cha kliniki akikata pamba vipande vidogo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Leo umekuja kumchekesha nani?"

Nilimwambia nimekuja kuuliza tena. Alinionyesha kiti, akanisogezea furushi la pamba nimsaidie, na tukakata huku akinijibu swali moja baada ya jingine bila kuniangalia. Ndiyo, ni yaliyobaki. Hayajaharibika, hadi mwezi ujao. Hapana, hayakuletwa ili kutupwa kwetu.

"Sasa nani aliwaambia tunayahitaji?" nikauliza. Nilikuwa nimelihifadhi swali hilo, nikiamini halina jibu.

"Mimi," akasema. "Baada ya baridi ya mwaka juzi niliandika barua. Baada ya baridi ya mwaka jana, ile ambayo baba yako alilazwa, nikaandika nyingine. Kwenye benchi lile waliugua wanne. Unawaona wangapi sasa?"

Sikuwa nimewahi kuhesabu. Baba alikuwa mmoja. Mwingine alikuwa yule mama wa kijani. Wawili waliobaki sikuwahi kuwaona.

Nilimuuliza kama itafanya kazi. Akasema hajui. Mafua hubadilika kila mwaka, na hii inaweza kulingana na ya mwaka huu au isilingane. Hawezi kuniahidi kitu. Nikataka kusema, basi kwa nini, lakini alinitangulia. "Kwa sababu ndicho nilicho nacho," akasema.

Tulimaliza pamba. Nilipoinuka ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza.

"Maswali yako yalikuwa mazuri," akasema. "Mimi mwenyewe ningeyauliza. Ila uliuliza mbele ya watu, jibu umekuja kulichukua peke yako."

Jioni ile baba alikuwa barazani akibangua karanga kwa kupapasa, bakuli moja la maganda na jingine la punje, jua likiwa bado juu ya migomba. Nilikaa chini nikamsaidia. Nilimweleza yote niliyoambiwa, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma taarifa. Alinisikiliza hadi mwisho.

Nilitegemea atarudia utani. Badala yake alinieleza mashaka yake, na hayakuwa yangu. Sista alishasema chanjo inaweza kuleta homa kidogo ya siku moja. Homa kidogo kwa mtu mwenye sukari si kidogo, alisema, yeye anaijua inavyopandisha. Tena mafua amekuwa akiyapata tangu utotoni, na ni mwaka mmoja tu yalimlaza. Kwa nini ajichokoze? Kuhusu yaliyobaki na yasiyobaki hakuwa na neno, maisha yake yote alikula mahindi ya msimu uliopita.

"Kwa hiyo hukukataa kwa sababu yangu," nikasema, nikijisikia nafuu.

"Nilikataa kwa sababu yako." Aliendelea kubangua. "Hayo mengine ningemuuliza Sista palepale. Lakini ulishasema wewe. Ningeulizaje tena, mwanangu amesoma? Alhamisi ulijua tarehe haijapita?"

"Nilijua."

"Hukusema."

"Sikusema, baba."

Alipuliza maganda kutoka kiganjani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Kuku walikuja, akawafukuza kwa mguu.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini uchome wewe."

Nilimwambia haiwezekani. Hii si ya chini ya ngozi kama insulini, ni ya msuli, sindano yake ndefu, na mwenye ujuzi ni Sista.

"Basi akufundishe. Mdomo wako ulinikataza. Mkono wako haujawahi kunikataza kitu."

Siku mbili zilizofuata nilijizoeza kwenye papai bichi. Sista, nilipompelekea ombi la baba, alisema atasimama karibu yangu, na kwamba nikitetemeka ataninyang'anya sindano na baba atake asitake atachomwa na yeye. Alijua habari ya mikono kuliko mimi. Nadhani alishakubali zamani kuishi nayo.

Alhamisi tulifika mapema. Nilishangaa kukuta benchi limejaa, hata waliokuwa wamecheka kwa sauti kubwa zaidi. Mzee wa Nakapanya alikuwepo, na mkewe. Sista alikusanya vichupa akaanza kuchemsha. Tyubu ya kwanza ilitoka chungwa. Ya pili tofali. Ya tatu tofali. Aliziegemeza moja moja kwenye kibao cha mbao dirishani, na kibao kilipojaa kilionekana kama ukuta ulioanza kujengwa. Alirudi mlangoni.

"Jana kulikuwa na harusi ya nani," akauliza, "mimi nikakosa kadi?"

Yule mama wa kijani, ambaye siku ile hakuwa kijani, akakiri kwamba amekunywa togwa. Kiasi gani? Jagi. Mwingine alikula viazi vitamu. Baba aliinamisha uso, akasema alipiga kiporo cha ugali na samaki wa mbasa wakati mimi nachemsha bomba, matonge makubwa.

"Ulitufundisha mwenyewe, Sista," mzee wa Nakapanya akasema. "Sindano haichomwi na tumbo tupu, sukari itashuka mtu aanguke. Na hii imetoka ng'ambo. Tumeona tuishibie."

"Kwa hiyo umekuja kuchomwa?"

"Sikusema hivyo. Nimekula kwa tahadhari tu, endapo mtanishika kwa nguvu."

Sista hakucheka. Aliuliza nani hakuchoma insulini asubuhi. Watu wawili waliinua mikono. Walikuwa wameona sindano moja kwa siku inatosha, na hii ya wazungu bila shaka ina nguvu kuliko ya kila siku. Mmoja wao alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba alisikia huenda ikamaliza sukari kabisa.

Nilisimama na kitambaa changu cha pamba mkononi. Wiki nzima nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali yangu: nani ametengeneza, kwa nini kwetu, kwa nini sasa. Kumbe watu wale walikuwa na swali moja tu ambalo mimi sikuliwazia hata kidogo, kwa sababu sindano kwangu ni kitu cha kuingiza dawa yoyote ile, na kwao sindano ni kitu cha kushusha sukari. Walikuwa wamecheka utani wangu, wakaenda nyumbani, wakafikiri kwa njia yao, wakala, wakaja.

Sista aliwaeleza polepole. Sindano hii haishushi wala haimalizi sukari. Haina kazi na chakula. Kazi yake ni mafua tu. Waliokosa insulini aliwapa kwanza. Kisha akanigeukia, akasema, "Sasa wewe."

Nimesimama mbele ya madarasa mengi tangu siku ile, na hakuna nililoliogopa namna hiyo. Nilisema kwamba wiki iliyopita niliuliza nikacheka, na jibu sikulisubiri. Nikasema ni kweli ni yaliyobaki, lakini hayajaharibika, na hayakutoka kwa maiti yeyote. Nikasema yameletwa kwa sababu Sista aliyaomba, kwa barua mbili, kwa ajili ya benchi hili. Na nikasema hakuna anayejua kama yatalingana na mafua ya mwaka huu. Hilo la mwisho Sista hakuwa ameniagiza nilitaje, lakini hakunizuia.

"Binti," mzee wa Nakapanya akasema, "wewe umechanjwa?"

"Bado, mzee. Ni chache, na mimi sina sukari."

"Haya. Na baba yako?"

"Yeye nitamchoma sasa hivi. Mimi mwenyewe."

Kimya kile kilirudi, lakini safari hii hakikuwa kitamu. Baba alikuwa ameshavua mkono mmoja wa sweta. Sista alinipa sindano mpya ya plastiki, akanionyesha mahali kwa kidole, vidole vitatu chini ya bega. Insulini huwa unabana ngozi na kuingiza kwa ulalo. Hapa alinitaka nivute ngozi ikaze na niingie moja kwa moja, haraka, kama mtu anayejua. Niliinama hadi macho yangu yakawa sawa na mistari. Kisha nikachoma.

Baba hakutikisika. Nilipotoa sindano na kubana pamba, alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Leo umenichoma kama mgeni."

Hapo ndipo walipocheka. Watu saba walichanjwa siku ile, wengine na mikono yao chini ya macho ya Sista, wengine na Sista mwenyewe. Mzee wa Nakapanya alimgeukia mkewe, akamuuliza kwa Kiyao. Yule mama mnyamavu alijibu kwa Kiswahili, ili tusikie sote.

"Mimi ndiye nitakayemchoma, na mimi ndiye sitaki," akasema. "Kesho tunapanda lori. Homa ikimshika Namtumbo, nyie mko hapa. Nitakaa naye mimi barabarani."

Nilimtazama Sista, na yeye akatikisa kichwa kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baba alipata mafua mwezi wa saba. Nilimsikia akipiga chafya asubuhi nikiwa nachemsha bomba, nikakaa chini pale jikoni. Siku nne nilimwekea sikio kifuani hadi akachoka nami. Sista alikuwa ametugawia dawa ya buluu kidogo ya kupimia nyumbani. Ilitoka chungwa siku mbili, halafu njano, halafu kijani. Alijifukiza kwa mkaratusi, akatoa jasho, na siku ya tano aliomba jembe. Kama chanjo ndiyo iliyomkinga asilale tena wodini, au mafua ya mwaka ule yalikuwa mepesi tu, sijui, na nimejaribu sana kujua. Yeye hakuwa na shaka. Alisema ni mkaratusi.

Mwezi wa nane mzee wa Nakapanya alirudi, koti lilelile, mzima kuliko alivyoondoka. "Sikuchanjwa na sikupiga chafya," akatangaza kabla hajaketi. Baba akamwambia hata mafua huchagua mtu wa kukaa naye. Sista aliwasikiliza wote wawili, akaandika kwenye daftari lake hali ya kila mmoja, aliyechanjwa na asiyechanjwa, bila kuongeza neno. Chanjo zilizobaki alikuwa ameshazifukia tarehe ilipopita.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano ulipoingia, baba aliniuliza tukiwa njiani kwenda kliniki. Alikuwa ameshika bega langu, maana sasa macho yalikuwa yanaona mwanga tu.

"Yale mabaki hayajaletwa?"

Nilimwambia nitauliza. Sista alisema ameandika tena, na hakuna kilichokuja. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi ya barua yenye mistari na bahasha, akaniwekea mezani.

"Andika wewe safari hii," akasema. "Wewe si ndiye unayejua kuuliza?"

Niliandika palepale, kwa Kiingereza changu cha chuo, magoti yangu yakiwa meza, kwenye benchi, katikati ya watu wa chungwa na watu wa kijani. Nilieleza kuhusu baridi ya kwetu, inakuja lini na inatoka wapi. Baba aliniuliza nimefika wapi, nikamsomea kwa Kiswahili. Alifikiri kidogo.

"Waambie hata yaliyobaki tunapokea," akasema. "Ila wayatume mapema."

Nikaandika hivyo.